Nilimwambia Aache Dawa, Kisha Nikaogopa Kumshika

Nilirudi nyuma kwa sababu niliogopa ugonjwa wake, au kwa sababu nilijua kwamba aliyemwangusha ni mimi? Mpaka ninapoandika haya sina jibu. Nimejitetea kwa upande huu, nikajitetea kwa upande ule, na kila utetezi unaishia mahali pamoja: nilikuwa karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote, na nikarudi nyuma.

Ndugu msomaji, nimekosa. Nalisema hili mapema ili usinionee huruma kabla hujasikia yote. Kama ningekosea kwa kutojua tu, pengine ningesameheka. Mimi nilijibu nisilolijua, na nilipolijua nikanyamaza.

Naandika mchana. Asubuhi ya leo nimefanya jambo nitakalolieleza mwishoni, na bado sijatulia, kwa hiyo unisamehe ikiwa nitaruka mahali au kurudia.

Mimi ni mwanamke wa makamo, nina mume na watoto, ninaishi Ifakara. Nilisomea sosholojia chuo kikuu, na kwa miaka mingi nilifanya kazi katika miradi ya maendeleo kwenye vijiji vya bonde hili la Kilombero. Mradi wa mwisho ulipofungwa nilikaa nyumbani nikajiona nimezeeka kabla ya wakati. Ndipo nilipoona kwenye simu kozi ya ukocha wa kujiamini. Si ukocha wa mpira. Ni kazi ya kuwasaidia watu wasimame mbele za wenzao bila kutetemeka, waende kwenye usaili, waongee na mabosi wao, wafungue biashara. Niliisoma kozi hiyo mpaka mwisho, nikapewa cheti, nikapanga chumba mtaa wa Viwanja Sitini, kati ya fundi cherehani na duka la pembejeo, nikatundika bango.

Kitu ambacho sikumwambia mtu, hata mume wangu, ni kwamba mimi mwenyewe sikuwa najiamini hata chembe. Siku mteja wa kwanza alipobisha hodi nilikimbilia choo cha uani nikajifungia humo. Fundi cherehani ndiye aliyekuja kugonga mlango.

“Mama, mgeni wako anaondoka.”

“Mwambie nakuja.”

“Nimemwambia hivyo tangu mwanzo. Sasa ameanza kuniuliza mimi bei.”

Nilitoka. Nilizungumza na yule mgeni huku jasho likinitiririka mgongoni, na alipoondoka nilijiapia kwamba aibu ile haitanirudia.

Basi nikaanza kujijengea kujiamini kama mtu anavyojifunza baiskeli ukubwani, kwa kuanguka faraghani. Nilijifunza kushusha sauti. Nilijifunza kunyamaza kidogo kabla ya kujibu, ili jibu lionekane limetoka mbali. Nilijifunza kumtazama mtu katikati ya nyusi, kwa maana macho yenyewe nilikuwa siyawezi. Kwenye kozi tulifundishwa kwamba mteja huazima uhakika wa kocha wake mpaka atakapopata wa kwake. Nililishika fundisho hilo, nikaliongezea sheria yangu mwenyewe: neno “sijui” lisitoke kinywani mwangu mbele ya mteja. Kamwe.

Na ilifanya kazi. Hilo ndilo linaloniogopesha nikilifikiria sasa. Watu walikuja, wakapona woga wao, wakaleta ndugu zao. Mtaani nikaanza kuitwa Mama Kocha. Sauti ile ya kujifunza ikawa sauti yangu ya kila siku, hata nyumbani, hata nikimuuliza mtoto kama ameoga.

Ndipo alipoletwa binti nitakayemwita Oliva. Si jina lake.

Aliletwa na baba yake, mkulima wa mpunga kutoka upande wa Kiberege, mzee mpole mwenye asili ya Mahenge kama mimi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akakaa, akatazama cheti changu ukutani, akageuka kunitazama.

“Mwanangu, nimeambiwa wewe ni kocha. Timu ipi?”

“Si wa mpira, baba. Nafundisha watu kujiamini.”

“Ahaa.” Akafikiri. “Basi huyu wangu hana timu, lakini ana woga wa timu nzima.”

Oliva alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa binti mzuri, mtaratibu, aliyemaliza chuo akiwa na astashahada ya utunzaji wa ghala. Kampuni moja ya kukoboa mpunga ilikuwa imemwita kwenye usaili wa kazi, na mara mbili kabla ya hapo alishakosa kazi kwa kushindwa kufungua mdomo mbele ya wasaili.

Baba yake akamwomba atoke nje kidogo. Mlango ulipofungwa, akashusha sauti.

“Kuna jambo inabidi ulijue. Ana yale mambo ya kuanguka. Kifafa. Alianza akiwa mdogo. Sasa anameza vidonge vya hospitali, ametulia, hajaanguka siku nyingi sana. Lakini hakai jikoni peke yake, wala hatumwi mtoni. Msimu wa mpunga tukihamia dungu, kibanda cha kulindia shamba, yeye habaki peke yake hata kidogo.”

“Ondoa shaka, baba,” nilimwambia kwa ile sauti yangu. “Hapa ni kama yuko nyumbani.”

Niliposema vile, nilikuwa nimekwisha kusogeza kiti changu nyuma. Sikujua kama aliona. Mimi niliona.

Nikueleze kitu kuhusu sisi tuliokulia upande wa Ulanga, kule Mahenge. Ugonjwa huu huko upo katika nyumba nyingi, na tulilelewa tukiuogopa kuliko simba. Bibi yangu alitufundisha kwamba mtu akianguka usimguse, usikanyage povu lake, na ukimbilie upande upepo unakotoka ili usikupate. Shuleni kulikuwa na mwenzetu aliyekuwa akianguka darasani, nasi tuliruka madirishani kama kuku. Alikuwa na kikombe chake peke yake. Baadaye nikaenda chuo kikuu, nikasoma, nikaelewa kwamba yote yale hayakuwa kweli. Kwenye mradi wetu nilisimama vijijini na kipaza sauti nikawatangazia watu kwamba kifafa hakiambukizi. Nililisema jambo hilo kwa miaka. Nadhani nililisema kwa kichwa, na mwili wangu haukuwepo mkutanoni.

Oliva alianza mafunzo. Darasani alikuwa na wenzake wachache, akiwemo Shija, kijana wa Kisukuma mnunuzi wa mpunga, aliyetaka kujifunza kuongea na mameneja wa benki bila kupiga kelele. Shija alikuwa na sauti ya mtu anayeita ng'ombe waliovuka mto.

Oliva aliendelea vizuri kuliko wote, isipokuwa kwa jambo moja. Maneno yalichelewa. Ukimuuliza swali, unaona kabisa jibu liko njiani, lakini halifiki. Siku moja wenzake walipoondoka alibaki, akakaa akikunja ncha ya kitenge chake.

“Mama Kocha, nikwambie kitu usinicheke.”

“Sicheki, mwanangu.”

“Ni vidonge. Nikimeza, kichwa kinakuwa kizito, kama nimelala nusu. Maneno nayaona lakini siyafikii. Nilikuwa nafikiri, nikiviacha mpaka usaili upite, halafu niendelee tena. Itakuwa na shida?”

Hapo, ndugu msomaji, ndipo kosa langu lilipo. Jibu la kweli lilikuwa neno moja. Ningesema “sijui,” ningeongeza “kamuulize daktari wako,” tukaendelea na somo. Kliniki haikuwa mbali. Ningeweza hata kumsindikiza.

Lakini alikuwa ananitazama kwa matumaini yote, nami nikahisi lile jasho la siku ya kwanza likianza tena mgongoni. Niliogopa aone kwamba kocha wake hajui. Nikanyamaza kidogo, kama nilivyojizoesha. Nikamtazama katikati ya nyusi.

“Mwili wako unakusikiliza wewe,” nilimwambia. “Woga ukitoka, mengi hutoka nao. Umekaa muda gani bila kuanguka?”

“Muda mrefu, mama.”

“Basi unaona.”

Akauliza tena, kwa uwazi, kama mtu anayetaka kusikia neno lenyewe. “Kwa hiyo niviache?”

“Viache. Usaili ukipita, utaendelea.”

Alitabasamu, akanishukuru, akaondoka. Nilikaa pale nikijiona nimefanya kazi nzuri. Nilihisi kitu kidogo kikinichoma tumboni, lakini nilikuwa nimejifunza kwa bidii kutokisikiliza kitu hicho. Nilikiita woga wa zamani.

Wiki zilizofuata Oliva alibadilika. Macho yalichangamka, maneno yakaja mbiombio. Wenzake walimtania kwamba amemeza redio. Nilijisifu moyoni. Jamani, nilijisifu sana.

Zoezi la mwisho la mafunzo yangu lilikuwa ni kusimama mahali penye watu wasiokujua na kuwaambia wewe ni nani na unaweza kufanya nini. Niliwapeleka kwenye gulio la Kiberege. Kulikuwa na watu wengi, magunia ya mchele, mitumba, madumu, kina mama wanaokaanga samaki. Shija alianza, akawafukuza wateja wa muuza vitunguu kwa sauti yake, tukacheka. Kisha akapanda Oliva juu ya kreti la soda lililogeuzwa.

Aliongea vizuri. Sijawahi kumsikia mwanafunzi wangu akiongea vile. Alieleza ghala linavyotunzwa, namna ya kujua mchele uliochanganywa, namna ya kuzuia fukusi, na watu wakaacha kununua wakamsikiliza. Mzee mmoja akauliza, “Huyu binti wa nani?” Nami nilitamani kujibu kwamba ni wangu.

Katikati ya sentensi akanyamaza. Akageuza shingo upande mmoja, taratibu, kana kwamba ameitwa. Akatoa mguno, akaanguka.

Aliangukia upande wa mama aliyekuwa anakaanga perege. Karai halikumwagika, namshukuru Mungu, lakini mkono wake wa kulia uliingia kwenye moto chini ya karai, na mwili ukaanza kutikisika, na mkono ukabaki humo.

“Msimguse!” mtu alipiga kelele. “Mate hayo, msimguse!”

Watu walirudi nyuma kama maji. Nilikuwa nimesimama karibu na kreti lake, kwa hiyo mbele yangu hapakuwa na mtu. Ningenyoosha mkono ningeushika mguu wake. Nilichofanya ni kukusanya gauni langu, nikalivuta kwa mikono yote miwili lisiguse povu lililokuwa likienea vumbini. Nikapiga hatua kuelekea upande upepo ulikokuwa unatoka. Sikuamua. Miguu ilikwenda yenyewe, kama ilivyofundishwa na bibi.

Aliyemvuta ni Shija. Alimshika miguu yote miwili akamburuta kutoka motoni, akamlaza ubavu. “Mmesimama mnatazama nini?” alisema, na kwa mara ya kwanza hakupiga kelele. Mama wa samaki alimwagia mkono wa Oliva ndoo nzima ya maji, kisha akanigeukia.

“Na wewe si mwalimu wake? Umesimama umeshika gauni!”

Bado nilikuwa nimelishika.

Tulimpeleka hospitali Ifakara kwa gari la mtu aliyekuja kununua mahindi. Njiani Shija alimpakata kichwa. Mimi nilikaa mbele na dereva, nikisema moyoni kwamba nafasi haitoshi nyuma.

Wazazi wake walifika jioni. Muuguzi akauliza lile swali nililolitegemea.

“Dawa alikuwa anakunywa?”

“Kila siku, sista,” alisema mama yake. “Mimi mwenyewe nampa mkononi na maji.”

Muuguzi akamtazama Oliva. Oliva akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama yake nikiwa nimeshika chupa ya chai, na nikajua kwamba binti huyu alikuwa akivitia vidonge mdomoni mbele ya mama yake na kwenda kuvitema. Alikuwa anamdanganya mama yake ili anitii mimi.

Daktari akasema kwamba ikiwa ameanguka hivi huku anameza dawa sawasawa, basi wataangalia namna ya kuongeza au kubadilisha. Aliandika. Kila alichokiandika kilisimama juu ya uongo, na mwenye kuujua chanzo chake alikuwa mimi. Nilifungua mdomo. Nikamwuliza mama kama anataka chai.

Siku ya pili nilimkuta Oliva peke yake. Mkono ulikuwa umefungwa mpaka kiwiko. Usaili ulikuwa umempita akiwa wodini, hakuutaja. Aliniita kwa jicho nisogee.

“Mama Kocha, usiseme.”

“Nisiseme nini?”

“Unajua. Baba akisikia niliviacha mwenyewe, atasema nimejichoma kwa mkono wangu. Amehangaika na mimi tangu mtoto. Na wewe watakupeleka polisi. Mimi nimeshasema nakunywa, basi.”

Nilipaswa kulia. Nilipaswa kupiga magoti pale sakafuni. Nilichosikia ni wepesi, wepesi wa mtu aliyefunguliwa kamba. “Sawa,” nilimwambia. “Pumzika.”

Tangu siku ile nimeishi kama mtu aliyeficha maiti ndani ya nyumba. Bajaji ikisimama nje, moyo unaruka. Simu ikilia naigeuza kifudifudi. Nimeacha kupika kwa mkaa. Mume wangu aliuliza kama naumwa, nikamjibu nimechoka. Na cha kutisha kuliko yote, nilipoingia darasani wiki iliyofuata, ile sauti ilikuwepo. Nzito, tulivu, ya mtu anayejua. Niliisikia ikitoka kinywani mwangu na nikaiogopa kama mtu mwingine aliyeingia chumbani bila hodi.

Shija alibaki baada ya kipindi. Alikuwa anazungusha kofia yake mikononi.

“Mama, nisamehe nikuulize. Yule dada alikuwa anameza dawa zake kweli? Maana alichangamka ghafla mno.”

“Sijui,” nilimjibu.

Hebu nitazame. Neno ambalo ningelisema siku ile likamwokoa, nilikuja kulisema sasa, na sasa lilikuwa uongo.

“Haya,” alisema Shija. “Nilidhani ungejua. Yule dada anakusikiliza wewe.”

“Shija,” nikamwita alipofika mlangoni. “Wewe hukuogopa? Kumshika?”

“Kwetu tulifundishwa kuogopa vitu vingine, mama. Hicho hatukufundishwa.” Akavaa kofia akatoka.

Nilifikiri nitaishi hivyo. Mtu huzoea. Mkono ungepona, dawa zingeongezwa, Oliva angerudi kuzimeza kimyakimya, na mambo yangesahaulika. Nilijipangia hivyo mpaka jana jioni, mama yake aliponipigia simu.

“Dada, habari za jioni? Tunashukuru ulivyo pamoja nasi. Tunaomba msaada mmoja.”

“Sema, dada.”

“Shangazi yake Oliva amekuja. Ukoo umekaa. Vidonge vimeshindwa, kila mtu ameona. Miaka yote hiyo mtoto anameza, halafu anaungua namna ile! Kuna mganga ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga, tumeambiwa anautoa ugonjwa huu kabisa. Ila hataki mgonjwa ameze dawa ya hospitali hata moja akiwa kwake. Kesho asubuhi tunamtoa wodini.”

Nilikaa chini. Nilikaa sakafuni.

“Sasa Oliva hataki,” aliendelea. “Analia tu, hasemi sababu. Baba yake amesema tukuombe wewe. Wewe anakuamini. Ukimwambia nenda, atakwenda. Njoo umtie moyo.”

Nikaona safari yote mbele yangu. Wanavuka daraja pale Kivukoni, wanapotea na njia ya vumbi, na binti ambaye mwili wake ulishaonyesha kitatokea nini bila vidonge anakaa kwenye kibanda chenye moto katikati, mbali na hospitali, mpaka siku atakapoanguka tena na wanaomzunguka wakarudi nyuma. Wazazi wake hawakuwa wajinga. Walikuwa wanafikiri sawasawa kabisa, ila kwa kutumia habari ya uongo. Dawa haikushindwa. Dawa haikuwepo. Na Oliva alikuwa analijua hilo, akawa radhi kulia tu kuliko kunitaja.

“Nitakuja,” nilimjibu mama yake.

Nilimweleza mume wangu yote, jikoni, nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, “Wanaweza kukushitaki?” Nikamwambia wanaweza. Akauliza tena, “Utaondoka saa ngapi?” Hakusema lingine, wala sikutegemea aseme.

Kabla sijamaliza, niseme neno na wenzangu tunaofanya kazi hii ya kuwapa watu moyo, na ninyi pia mnaokuja kwetu. Nawaonya, na ninawaonya nikiwa bado naogopa. Kujiamini nilikojifunza mimi kulikuwa ni kuficha woga, na woga ukifichwa sana hauonyi tena. Kile kilichonichoma tumboni siku Oliva aliponiuliza ndicho kilichokuwa na akili kuliko mimi mzima. Kocha akiwa hawezi kusema “sijui,” mpeleke mwanao kwa mwingine. Na kama unameza dawa za ugonjwa wowote, usiziache kwa neno la mtu mwenye sauti nzuri. Rudi kwa aliyekupa. Na wewe uliyelelewa kama nilivyolelewa mimi, usidhani kitabu kimekutoa woga wa bibi yako. Umwulize mwili wako kabla siku haijafika.

Asubuhi ya leo nilikwenda. Shangazi alikuwa anakunja mashuka. Mama alikuwa anafunga sahani kwenye kitambaa. Oliva alikaa ukingoni mwa kitanda amevaa gauni la kutokea, mkono mweupe kwa bandeji, macho yamevimba. Baba yake alikuwa amesimama na begi begani.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuja. Mwambie mwenzako, sisi hataki kutusikia.”

“Baba, naomba uweke begi chini.”

“Gari linasubiri.”

“Naomba, baba.”

Aliliweka. Oliva alikuwa ananitazama na kutikisa kichwa, kidogo kidogo, ili wengine wasione. Nilitafuta ile sauti yangu na sikuipata. Iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya msichana, yenye kukatika.

“Vidonge havikushindwa,” nilisema. “Hakuwa anavimeza. Aliviacha kabla ya gulio, wiki kadhaa. Aliniuliza mimi kama aviache, na mimi sikujua, nikamwambia aviache. Yeye hana kosa. Ni mimi.”

“Mama Kocha, hapana,” alisema Oliva, akageukia ukutani.

“Unasemaje wewe?” Shangazi aliacha shuka. “Wewe msomi?”

Mama yake aliacha kufunga sahani. Alikaa kitandani, akaushika ule mkono wenye bandeji akauweka mapajani mwake, na hakunitazama.

Baba yake alinitazama muda mrefu. Nilidhani atanipiga, na ningekaa nipigwe. Kisha akamgeukia muuguzi aliyekuwa amesimama mlangoni na trei ya dawa.

“Sista, kamwite daktari.”

Tukasubiri. Honi ya gari ililia nje, ikalia tena, na hakuna aliyetoka kulijibu. Daktari akaingia akiwa anavaa miwani, akauliza kuna nini.

Mzee akaninyooshea kidole.

“Rudia,” akasema. “Yeye asikie.”

Nikarudia.